Bomu la Zamani Lililofungwa Mbawa

Juzi nilikwenda mji wa Ibra kuhani msiba, simu ikinionyesha njia mpaka mlangoni. Nikaingia, nikawashika mikono wanaume wote, nikawapa pole, nikakaa. Wakaniletea tende na kahawa. Sikujiuliza tangu lini nyumba ya msiba ikafungua televisheni.

Humo walikuwa wakionyesha mabomu ya zamani, yale ya kuangushwa tu na ndege, sasa yamefungwa mbawa na mtambo wa kuyaongoza. Mimi nisiyejua kufunga hata pazia nikaanza kuwasomesha watu. "Ukishaliwekea alama ya mahali, linaelea lenyewe mpaka hapo. Halikosei hata nyumba moja."

Mzee mwenye nyumba alinisikiliza mpaka nikatikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, maana huku mgeni haulizwi haja yake kabla ya kahawa. Ndipo akasema taratibu, "Ahlan wa sahlan, karibu sana, mwanangu. Lakini hapa hatukufiwa. Msiba uko nyumba ya pili."

Nikatazama simu. Imeandika nimefika.

Mimi nilikosea nyumba, na waliokuwamo wakabaki wazima, wakanimiminia kahawa.