Mama na Mawe ya Baharini

Leo mama yangu, ambaye hajawahi hata kulowesha miguu baharini, amenikosoa kazi ya bahari.

Kwa wasiojua: nakaa Alief, huku ughaibuni, na kazi yangu ni kuangalia video za sakafu ya bahari ya kaskazini, kule kwa barafu. Naandika kilichopo. Matope. Jiwe. Kiumbe.
Penye mawe matupu, kebo ya mawasiliano itapita; penye kiumbe, haipiti.

Mama amekuja kututembelea kutoka Nyandarua. Asubuhi alikaa kando yangu akichagua maharagwe kwa sinia, akitoa vijiwe.

Mimi: jiwe, jiwe, jiwe.

Yeye, bila kuulizwa: "Hilo si jiwe."

"Mum, hii kitu nimesomea."

"Sawa. Lakini mawe yale mengine yana vumbi juu. Hilo ni safi. Kitu kinachojisafisha kiko hai."

Nikacheka. Halafu nika-zoom, ili tu nimwonyeshe.

Lilikuwa na tundu juu, na tope lililokaribia lilikuwa likipulizwa mbali.
Jiwe halipulizi.

Ni sifongo wa baharini. Mnyama mzima. Na jana nili-submit ripoti nzima ya "mawe" kama hayo.

Nikampigia supervisor asimamishe ripoti. Akauliza ni nani aligundua.

"Colleague," nikasema.

(Msinihukumu. Ama nihukumuni tu, comments ziko wazi.)

Nilipokata simu, mama alinisogezea nusu ya maharagwe.

"Anza na haya kwanza."