Chai ya Mbavu

Mama alipotoka hospitali baada ya kupasuliwa tumbo, alikataa kula. Hakuwa anadeka, chakula chote kilimchefua. Daktari alitwambia wazi kwamba asipopata vyakula vya kujenga mwili, kidonda hakitapona na atalazwa tena. Nilipika samaki, maharage, mayai. Alionja, akasukuma sahani. Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimfokea, kisha nikajifungia bafuni nikalia.

Huku ughaibuni, kwenye ghala la Shakopee, nilifanya kazi na mama mmoja Mchina, mzaliwa wa Malaysia. Nilimsimulia. Hata pole hakunipa. Jumapili alishuka kwenye treni, akaja mtaani kwetu Cedar-Riverside na chupa kubwa ya chai. Ndani mlikuwa na supu ya mbavu za nguruwe, iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na vitunguu saumu, mdalasini, pilipili manga na mizizi nisiyoijua. Kule Bukavu nguruwe tulimla kila sikukuu. Hapa, kwa kuwastahi majirani zetu Waislamu, nilikuwa nimeacha kumpika.

Mama alinusa. "Iko na nini ndani?"

Nikamuuliza mgeni, naye akasema kwa Kiingereza kwamba ni mitishamba ya kutia nguvu. Kwa haraka zangu nikatafsiri, "Ni dawa, Mama."

Uso wake ulibadilika palepale. Kanisani kwetu, dawa inayoletwa nyumbani na mtu usiyemjua haitoki hospitali, inatoka kwa mganga.

"Miye niliokoka," alisema. "Mumurudishie."

Ilinibidi nimweleze mgeni, kwa aibu tele. Akacheka sana. Akasema kwao supu hii huitwa chai, chai ya nyama na mifupa, ingawa haina hata jani moja la chai. Inasemekana wachukuzi wa bandarini waliinywa asubuhi kabla ya kubeba mizigo.

"Mama, anasema ni chai."

Mama alitazama chupa, akatazama mbavu. "Bachina banakunywaka chai ya nguruwe?" Akacheka huku ameshikilia mshono. "Basi munipe. Chai siwezi kukatala."

Alimaliza bakuli, akanyonya na mfupa. Mizizi ile sijui ilifanya nini. Nadhani nyama ndiyo yenye nguvu, na harufu ya viungo ilimrudishia hamu. Nilikuwa jikoni nikiosha bakuli kwa furaha, nikamsikia akiniita kwa ukali.

"Sasa bugali iko wapi? Ama munataka kuniua na njaa?"

Nikabandika sufuria ya ugali, nikimshukuru Mungu kwa sauti.