Utenzi wa Adamu na Hawa Jikoni kwa Bibi

Juzi nilipita mtaa wa Al Twar, hapa Dubai, kumchukua binti yangu kwa rafiki yake, nikaikuta nyumba iliyokuwa ya bibi yangu imepakwa rangi ya kijivu, na jikoni pametiwa dirisha la kioo hadi chini. Nilisimamisha gari nikacheka peke yangu, halafu macho yakaanza kuniwasha. Jikoni pale, rafiki yangu, ndipo nilipomsomea bibi utenzi wa Kizungu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa utenzi mrefu usiokwisha, wa jinsi Iblisi alivyowahadaa Adamu na Hawa hata wakatolewa bustanini. Kiingereza chenyewe cha kale, kigumu kama kashata iliyolala. Bibi alilelewa Unguja, katika nyumba ambayo wanawake walikusanyika kusoma tenzi, basi aliposikia ni utenzi akaamuru nimsomee huku tukichambua mchele. Mimi nafasiri, yeye anaimba kwa mahadhi ya kwao, kiyoyozi kinanguruma na harufu ya hiliki imejaa.

Swali lake la kwanza lilikuwa, "Kaanza kwa kumtaja Mungu?" Nikamwambia mtunzi kaanza kwa kuomba msaada wa mbinguni. "Haya, ana adabu. Endelea." Lakini Iblisi alipoanza kuhutubia, bibi alikasirika kwelikweli. "Mbona maneno mazuri yote kapewa huyu mlaaniwa?" Akaniambia niyaruke. Ndiyo maana mtihani wa utenzi ule nilianguka vibaya.

Sasa, nyumba yetu ilikuwa na jambo lisilotajwa. Mama mdogo, kitindamimba wa bibi, alikuwa ameolewa na mlinzi wa Kikenya aliyefanya kazi Al Barsha. Bwana alisilimu, mjomba akaozesha, lakini bibi hakuridhia, akampiga marufuku binti yake kukanyaga pale. Mama yangu alikuwa akienda kumwona kwa siri na kurudi macho mekundu. Nami nilikuwa na hamu sana na mama mdogo. Ndiye aliyekuwa akinisuka.

Tulipofika pale Hawa anakula tunda, na Adamu naye anakula, kisha wanaanza kulaumiana, bibi aliacha kuimba. Nilimsomea maneno makali Adamu aliyomtupia mkewe.

"Wamekula wote wawili," alisema, "lawama kabebeshwa mtoto wa kike." Mikono yake ikatulia juu ya sinia. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Lakini mwisho wanarudishwa, au sivyo?"

"Bado sijafika huko, bibi."

"Khalas, basi, usifike. Mpigie mamako mdogo. Mwambie Ijumaa waje kula, yeye na mumewe."

Walikuja. Mama mdogo alipiga magoti mlangoni, bibi akamnyanyua huku akilalamika kwamba amekonda. Yule bwana alisimama na kofia yake mpya, hajui mikono aiweke wapi, hadi bibi alipomwambia, "Kaa, mwanangu, biriani linapoa." Sijapata kuona mtu mzima akila huku analia namna ile.

Bibi tumemzika hapa hapa Dubai. Siku hizi kwetu kila mtu anasoma kimya kwenye simu yake, na yale mahadhi hakuna kati yetu aliyeyashika. Inaniuma. Utenzi nilikuja kuumaliza ukubwani, peke yangu. Wale wawili wanashikana mikono, wanatoka, lango linawekewa walinzi nyuma yao, na hakuna anayewaita warudi. Nikakifunga kitabu, nikashukuru kwamba bibi hakungoja kuusikia mwisho.