Umepima, au Unanisalimia?

Mtaalamu alisema neno "salama" mara kumi na saba. Najua, kwa sababu kila alipolitamka nilichora kimstari nyuma ya bahasha. Tulikuwa kwenye ukumbi mmoja hapa mjini Mwanza, tumealikwa kama wadau, neno ambalo siku hizi maana yake ni mtu yeyote anayeweza kukaa kwenye kiti cha plastiki kwa saa nne bila kusinzia. Mada ilikuwa umeme wa nyuklia: nchi ikiutaka siku moja utatufaa nini, na kwa nini tusiuogope. Picha zake zilikuwa nzuri, na mwenyewe alikuwa na adabu zake.

Muda wa maswali ulipofika nikasimama. "Mwanangu," nikamwambia, maana angeweza kuwa mwanangu kabisa, "hiyo salama yako umeipima, au unatusalimia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Naye akacheka, akasema swali ni zuri na limechukuliwa. Lilichukuliwa kweli, sijui likapelekwa wapi. Wakati wa chai nilikwenda nyuma ya ukumbi kuusukuma ule mlango wa dharura ulioandikwa kwa rangi nyekundu. Ulikuwa na kufuli, na mwenye ufunguo alikuwa ametoka. Wenzangu walioniona wakatikisa vichwa: huyu mama naye! Ndivyo nilivyo, na ugonjwa huu sitaki kupona.

Nimeurithi kwa baba. Alikuwa fundi bati Mabatini, anatengeneza ndoo, karai na koroboi, na kuziba mabirika ya watu. Mteja alipokuja kuchukua ndoo yake akauliza, "Fundi, haivuji?" baba hakumjibu. Aliijaza maji, akaiweka juu ya gazeti kavu, akaendelea na kazi nyingine. Wenye haraka walikuja juu. "Mzee, si useme tu haivuji, niondoke!" Naye bila kuinua macho: "Nikisema mimi, itavuja vilevile." Gazeti likibaki kavu, ndoo ni yako. Likilowa, rudi kesho. Watu walimwita mkaidi, lakini walitoka hadi Usagara kuja kwake, na mafundi wengine walikuwapo njia nzima. Mimi ni binti wa fundi huyo, na nalisema hilo kifua mbele.

Maisha yangu nimeyamalizia barabarani. Kazi yangu ilikuwa kupima udongo. Barabara kabla ya kuwekwa lami lazima tabaka la chini lishindiliwe likaze, na lazima awepo mtu wa kusema limekaza au bado. Mtu huyo nilikuwa mimi. Kwa njia ya zamani unachimba shimo dogo, unaupima uzito udongo uliotoka, unaukausha, kisha unalijaza shimo mchanga maalumu ujue ukubwa wake. Ni kazi ya magoti na jua. Halafu ikaja mashine: boksi la njano lenye mpini juu yake, na ndani ya ncha ya fimbo yake kipande kidogo mno cha kitu chenye mionzi. Unaliweka chini, unashusha mpini, unasubiri kidogo, jibu hilo hapo. Ukimaliza unaupandisha mpini hadi juu kabisa, kipande kinarudi ndani ya kinga yake, na kifuniko kizito kilicho chini ya tumbo la boksi kinajifunga.

Pale juu kabisa mpini unapoingia, wenye mashine wameandika neno la Kizungu lenye maana ya salama. Basi vijana wa saiti nao wakapaita hapohapo Salama. "Rudisha mpini Salama." "Mpini uko Salama." Na hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi, maana nawajua watu wetu. Kwetu "salama" si taarifa, ni adabu. Muulize mtu habari za nyumbani: "Salama." Kaa kidogo, ndipo anakwambia ng'ombe wamekufa, mke amelazwa na paa limeezuliwa. Salama hutangulia, na msiba hufuata baadaye ukishapewa kiti. Sasa lugha kama hiyo unaiwekaje kwenye mpini wa mionzi?

Kwa hiyo kila jioni nilichukua kipima mionzi, kidude kidogo kinacholia tik-tik, vijana walikiita nyenje, nikakipitisha chini ya boksi kabla halijafungiwa. Nyenje akilia polepole, sawa. Walinicheka. "Dada, mpini si uko Salama?" Nami nawajibu, "Mpini ndio unaosema. Mimi namsikiliza nyenje."

Pale kambini, kilomita chache kutoka njia panda ya Usagara, tulikuwa na mama lishe mmoja. Mtu wa maneno machache na mkono mzuri wa mchuzi. Alikuwa na mimba ya miezi sita. Si ya kwanza. Tatu ziliitangulia na zote ziliharibika, na ukoo wa mume ulishaanza kunong'ona. Hii ya nne aliibeba kama anayebeba mayai kwenye njia ya utelezi. Alikuwa haongei juu yake kabisa. Aliogopa hata kununua nguo ya mtoto.

Msimu wa mvua ulipoanza alihamisha mafiga yake chini ya upenu wa banda letu la bati. Nilimwambia, "Mdogo wangu, hapa si pa kukaa." Akaniambia, "Dada, na mvua hii?" Nikamsogeza hadi pembe ya mbali, na boksi nikaliweka pembe ya pili, limelala vizuri, tumbo likitazama chini. Hapo sikuwa na wasiwasi. Kisha nikapata msiba Ukerewe, nikaondoka siku tatu.

Nilirudi asubuhi. Siku hiyohiyo wakubwa walikuwa wanakuja kukagua barabara, kila mtu mbio mbio. Msaidizi wangu, mtu mzima mwenye familia yake, akanipokea begi. Nikamuuliza, "Huko kwenye boksi, salama?"

"Salama tu, dada. Pole na msiba. Mmezika vizuri?"

Nikamwambia tumezika vizuri. Nikapita! Haki ya Mungu, nikapita, mimi mwenye mdomo huu. Nikaketi, nikapewa kikombe cha chai, nikakinywa hadi nusu. Ndipo nikamkumbuka baba na gazeti lake. Nilikuwa nimeuliza, sikujaza maji. Na yule bwana hakunijibu swali langu. Alinisalimia.

Nikakiacha kikombe, nikamchukua nyenje. Sikuwa hata nimefika mlangoni mwa banda alipoanza kulia kama mafuta yanayotiwa vitunguu. Jana yake mifuko ya saruji iliingia, nafasi ikawa finyu, wakalisimamisha boksi kwa ubavu na kulisukumia kwenye ile pembe ya mbali. Tumbo lilitazama ukuta. Mpini ulikuwa juu kabisa, pale pale Salama, hakuna aliyedanganya. Lakini walifanya kazi kwenye mvua, na udongo mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania hadi viatu, uliingia chini na kukikwamisha kile kifuniko. Hakikujifunga. Na upande wa pili wa bati, kwenye kigoda chake, mgongo umeegemea ukuta, mama lishe alikuwa anachambua mchele tangu alfajiri.

Sikumbuki nilivyofika. Wanasema nilipiga ukelele uliosikika kwa madereva wa greda. Nilimshika mkono nikamkokota, mchele ukamwagika wote, yeye anasema, "Dada, nini? Dada, kuna nyoka?" Sikumjibu mpaka tulipofika kwenye miti. Kisha nikarudi, nikazungusha kamba, nikamfukuza kila mtu.

Mhandisi alikuja amekunja uso. Wageni walikuwa njiani, na vipimo vya siku hiyo vilikuwa bado. Akachungulia kwa mbali. "Mama, mpini si uko salama? Toa mashine, tufanye kazi."

"Mpini uko salama," nikamwambia, "nyenje anasema hapana. Haligusi mtu mpaka waje wenye kazi yao."

"Nitaandika kwamba umekwamisha mradi."

"Andika. Na mimi naandika. Tuone karatasi ya nani itasomwa."

Sikuwa jasiri kihivyo, jamani. Lakini niliingia stoo nyingine nikatoa patasi, mizani, na chupa ya mchanga ambayo wote waliidhani ni ya makumbusho. Nikapiga magoti barabarani mbele ya wageni na suti zao, nikachimba, nikapima, nikakausha udongo kwenye moto aliouwasha mama lishe kule kwenye miti. Shimo baada ya shimo, mpaka jua likaelekea kuzama ziwani. Vipimo vyote vilipatikana. Mgeni mmoja mwenye mvi akaniuliza ni nani aliyenifundisha kazi ile. Nikamwambia fundi bati wa Mabatini. Akadhani natania.

Watu wa mionzi wakaja, wakakifungua kile kifuniko wanavyojua wao, wakalichukua boksi. Wakafanya na hesabu ya mama lishe: amekaa wapi, saa ngapi, umbali gani. Wakaniambia alichopata ni kidogo, hakitarajiwi kumdhuru. Nikasema nionesheni hesabu yenyewe. Wakanionesha, nikaipitia mstari kwa mstari, nami nikaona ni kidogo. Niliwaheshimu kwa hilo. Hawakuniambia "tuamini, mama."

Lakini jioni, walipokwisha kuondoka, mama lishe alinifuata. Alikuwa amejifunga khanga hadi kifuani, mikono miwili juu ya tumbo. Akaniuliza, "Dada, mtoto wangu yuko salama?"

Neno lilikuwa hapo hapo mdomoni. Lingemsaidia alale usiku ule. Mtu yeyote mwema angelitamka, na mimi nilimpenda yule mwanamke. Nilishindwa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sijui. Hesabu inasema hajadhurika, nimeiona kwa macho yangu. Lakini wewe ulishapoteza watatu bila mionzi yoyote, kwa hiyo mimi salama siwezi kukwambia. Kesho twende tukapimwe."

Alilia. Nikaona nimemuumiza, nikajuta karibu kulia mimi pia. Asubuhi alikuwa kwangu kabla sijanawa uso, amevaa, yuko tayari. Tulikwenda kliniki pamoja kila tarehe yake, miezi mitatu. Muuguzi akisema "kila kitu salama," yule mwanamke, aliyekuwa haongei, akawa anauliza: "Umepima nini? Presha? Mapigo ya mtoto? Naomba nisikie." Wacha wee! Nilikaa pale kwenye benchi najiona kama mwalimu ambaye darasa zima limefaulu. Na presha ikakutwa imepanda, mimba ikiwa na miezi minane, kwa sababu aliomba ipimwe tena. Wakamlaza. Labda hata wale watatu kilichowachukua ni hicho hicho, ambacho hakuna aliyekiuliza. Sijui. Akajifungua mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti ya kukodisha.

Mtu asinisingizie kwamba naogopa mashine. Dada yangu wa kuzaliwa alichomwa kwa mionzi hiyo hiyo akapona saratani, na leo anagombana nami kama kawaida. Nyuklia ikija nchini, ije. Sitalala barabarani kuizuia. Ila nitauliza mambo yangu mawili, na nitayauliza hadi wanichoke. La kwanza, nani anapima, na karatasi naiona wapi? La pili ndilo kubwa: siku wageni wapo njiani na mhandisi amekunja uso, je, mtu mdogo kuliko wote pale ana ruhusa ya kusema simamisheni? Hata mama lishe? Kama hana, hizo kuta nene mnazotuonesha kwenye picha ni bati tu. Wataalamu hudhani hofu yetu inatokana na kutojua sayansi. Mimi sayansi yao naijua kidogo. Ninaowajua sana ni watu, na mimi mmojawapo, niliyeuliza swali la kazi nikapokea salamu na kwenda kunywa chai.

Pale saiti tangu siku ile nilipiga marufuku neno. Ukiulizwa juu ya boksi, hujibu salama. Unajibu ulichokiona: nimepima, nyenje kasema hivi. Waliona ni kituko, kisha wakazoea, kisha wakaanza kuwafundisha wageni kwa majivuno kana kwamba waligundua wao.

Nimestaafu sasa, nakaa Mkolani. Mama lishe naye yuko huku, ana mgahawa wake, na mtoto yuko darasa la pili. Jumapili iliyopita, bahasha yangu ya mistari kumi na saba ikiwa bado kwenye mkoba, nilipita kwao. Binti alikuwa nje anaruka kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama salama?"

Mtoto mwingine angeitika "salama" huku anaruka. Huyu aliiacha kamba ikaanguka.

"Subiri, bibi, nikaangalie."

Akakimbilia ndani. Nikabaki nimesimama juani na mkoba wangu. Akarudi anahema.

"Nimemwona. Anakaanga sato. Yuko salama."