Mwenye Bucha na Mkebe wa Tano

Habari ilinifikia Jumanne asubuhi, kwa simu ya mpwa wake: mwenye bucha wa mtaa wa Kanyenye amefariki. Alikunywa uji, akaomba mto wa pili, akalala, na hakuamka tena. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kuwa safu hii haina desturi ya kutaja majina ya watu, na leo nina sababu ya ziada, kwani katika kisa ninachotaka kukisimulia mkosaji ni mimi mwenyewe, na sitaki wengine waliomo wasumbuliwe na wapenda umbea. Basi tumwite mwenye bucha, kama mji mzima ulivyomwita. Babu yake aliingia Tabora kwa miguu pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa Kiarabu, akaoa Mnyamwezi, akaona hana haja ya kurudi pwani. Mjukuu alizaliwa na kuzeekea mtaa ule ule, akiuza nyama, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko visu vyake. Nilimpenda sana, nalisema hilo mapema kabla sijaanza kusimulia alivyonigombeza.

Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa na foleni za sukari, mimi nilikuwa mwalimu kijana, na nje ya ukumbi wa sinema palikuwa na ubao mweusi nilioachiwa niandike maoni yangu juu ya kila filamu iliyooneshwa. Sijui nani alinipa kazi hiyo. Nadhani nilijipa mwenyewe na hakuna aliyenizuia. Kila Jumamosi alasiri mwenye bucha alifunga duka, akaoga, akavaa kanzu, akajifukiza udi mpaka ukikaa karibu naye hujui kama mtu huyu ameshinda na mbavu za ng'ombe. Alipenda filamu za wauaji, zile ambazo mtu aliyeficha sura hupita nyumba hadi nyumba na kisu. Watu walimcheka kwamba anachinja wiki nzima halafu anakwenda kutazama uchinjaji. Akawajibu kuwa dukani anatazama nyama, ukumbini anatazama watu wanavyoogopa, na hayo ni mambo mawili.

Filamu iliyotugombanisha ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilituangusha vitini. Muuaji aliyevaa koti refu la mvua aliwamaliza wageni wa nyumba ya kulala wageni mmoja baada ya mwingine, na mwishoni sajini wa polisi akagundua kuwa ni mpishi. Mpishi akatumbukia kisimani akafa, sajini akavishwa nishani, nasi tukatoka tukitetemeka na kufurahi. Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya pili, na mji mzima ukajaa ukumbini. Koti lile lile, kisu kile kile, lakini mauaji yalikuwa ya ovyo. Muuaji anakosa shabaha, anajikwaa, anakatakata mlango badala ya mtu. Watu wakaanza kupiga miluzi. Filamu ilikuwa na mikebe mitano, na fundi wa mashine alipofunga mkanda wa mkebe wa tano, mahali ambapo stelingi, binti aliyenusurika sehemu ya kwanza, anakaribia kulivuta lile koti, kitambaa cha ukumbi kilituonesha wakulima wakipanga majani ya tumbaku kwenye banda la kukaushia, na sauti nzito ikitueleza umuhimu wa kuni kavu. Kelele zilizozuka siwezi kuzieleza. Fundi alitoka kwenye kichumba chake akitokwa jasho, akasema lazima mikebe imebadilishana na ya gari la sinema ya bure lililolala pale ukumbini siku mbili kabla ya kwenda kijijini Usoke. Hakuna aliyemsikiliza.

Mimi ndiye niliyepaswa kumsikiliza. Badala yake nikachukua chaki. Niliandika kwa herufi kubwa kwamba sehemu ya pili ni mbovu kuliko ya kwanza, kwamba waliotengeneza wametafuta mwigizaji asiyejua hata kushika kisu, na kwamba fundi, kwa uvivu wake wa kutaka kurudi nyumbani mapema, ameuficha mwisho. Sikuishia hapo. Nikamalizia kwa neno moja lililokuwa zito sana siku zile: nikaandika kuwa huyu ni mhujumu. Wenye umri wangu mnaelewa. Mtu akiitwa hivyo hadharani, hata jirani anapunguza salamu. Fundi alikuwa mtu mpole mwenye mke na watoto wanne, na kufikia jioni kamati ya ukumbi ilikwisha tangaza kwamba itakutana Alhamisi kumwondoa kazini, na pengine kulipeleka jina lake kwa wakubwa. Mimi nilitembea mjini nikipongezwa.

Jumatatu nilikwenda kununua nyama. Mwenye bucha alikuwa anatenganisha mbavu, na hakuinua macho.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, Mwalimu. Umeandika sehemu ya pili ni mbovu."

"Ndiyo, Ami. Na ni mbovu kweli."

"Mwisho wake umeuona?"

"Si fundi kauficha?"

"Sikukuuliza nani kauficha. Nakuuliza umeuona?"

"Sijauona."

"Sasa umehukumu nini?"

Nikaanza kueleza habari za yule muuaji asiyejua kazi yake. Akanikatiza, akainua kisu chake mbele ya pua yangu. Akaniambia nitazame kiganja chake kilivyokumbatia mpini, na kidole gumba kilivyolala ubavuni. Yule mpishi wa sehemu ya kwanza, akasema, alishika hivi hivi, na kila alipomaliza alikifuta kisu kwa pindo la koti, kwa sababu mtu aliyekulia jikoni hawezi kuvumilia kisu kichafu. Huyu wa pili hafuti. Halafu anakishika kwa ncha za vidole vitatu.

"Anakishika kama kalamu," alisema. "Huyu hajawahi kukata hata kitunguu, Mwalimu. Huyu ni mtu wa ofisini. Wamemfanya mbovu makusudi, wewe ukadhani ubovu ni wa kwao."

Nilicheka. Nilimwambia mpishi alikufa kisimani, na koti ni lile lile, na watengeneza filamu hawana akili ya kufikiria vidole vya mwenye bucha wa Tabora. Yeye hakucheka. Alifunga nyama yangu kwenye gazeti, akanikabidhi, akasema Jumatano hafungui duka, anakwenda Usoke kuufuata mkebe, na mimi nitafuatana naye. Nikasema nina vipindi. Akasema fundi ana watoto wanne. Nikaomba ruhusa shuleni.

Tulikwenda juu ya lori lililokuwa likifuata tumbaku. Njiani hakusema neno kuhusu filamu, alizungumza bei za ng'ombe za Nzega na goti lake. Usoke tulimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi uani kwake akichambua majani ya tumbaku. Mwenye bucha alichuchumaa kwa heshima, akamwamkia kwa Kinyamwezi, akimwita mama.

"Mwangaluka, mayu."

Mama akaitika, akatupatia kigoda kimoja na gunia. Tukamwuliza kama gari la sinema lilipita.

"Lilipita, baba. Mwaka jana walituletea ya mbolea. Ya mwaka huu ina mtu wa koti la mvua. Watoto walilia sana. Lakini mwisho wake mzuri, maana binti analivuta lile koti, kumbe ndani ni bwana askari mwenyewe! Yule aliyesifiwa."

Mimi nikaona hapa nimempata. "Mayu, wewe umeona kipande cha mwisho tu, tena kwa Kiingereza. Ulijuaje kwamba alisifiwa?"

Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyeuliza maji yanatoka wapi. "Alikuwa na nishani kifuani, mwanangu. Mtu hapewi nishani bila kusifiwa. Sasa sifa zimepoa, anataka nyingine, na mwovu mwenyewe amekwisha kufa. Afanyeje?"

Nilihisi masikio yanawaka. Mama ambaye hakuona mikebe minne ya mwanzo alikuwa ameielewa filamu kuliko mimi niliyeiona yote minne na kuiandikia hukumu. Mwenye bucha hakunigeukia wala hakutabasamu. Aliuliza tu mkebe uko wapi, akaambiwa uko kwa katibu wa kijiji, watu wa gari waliuacha pale walipogundua si wa kwao. Alirudi nao Tabora ameupakata mapajani, na kila lori liliporuka shimo aliukumbatia.

Alhamisi wanakamati waliketi ukumbini, madirisha yamezibwa kwa magunia, na fundi akapitisha mkanda wa mkebe wa tano. Koti likavutwa, sajini akaonekana, nishani iking'aa. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Ndugu fundi, endelea na kazi yako." Ndiyo yote aliyosema. Kisha, kwa kuwa mwenye bucha alikuwapo, mtu akamwuliza sasa ipi bora. Alisema ya kwanza inatisha zaidi, na asije mtu akamdanganya kuhusu hilo. Ya pili ina vifo viwili vya kujazia nafasi tu, na yule dada anayeimba ngazini wangemkata nusu. Lakini ya pili ndiyo bora. "Ya kwanza inakuuliza nani anaua," alisema. "Ya pili inakuuliza nani anafaidika watu wakiendelea kuogopa. Mimi ya kwanza nilikwisha lala nayo. Hii bado inanisumbua."

Nimeandika kuhusu vitabu, filamu na siasa kwa zaidi ya miaka arobaini na sijapata kipimo kizuri kuliko hicho. Tunapenda kuipima sehemu ya pili kwa fimbo ya ile ya kwanza, tukihesabu nani ametushtua mara nyingi zaidi. Hata nchi tuliipima hivyo. Uhuru ulikuwa sehemu ya kwanza: ngoma, bendera, adui anajulikana, stelingi anajulikana. Ujamaa ulikuwa sehemu ya pili, na humo kila mtu aliamka na chaki yake. Wapo walioona mikebe miwili wakasifu, wapo walioona miwili mingine wakalaani, na wengi wetu tuliambiwa tu na waliotoka ukumbini kabla ya mwisho. Sisemi nani alikuwa sahihi. Nasema sijasahau jinsi tulivyokuwa wepesi wa kumwita mwenzetu jina zito pale jambo lilipotushinda kuelewa.

Alhamisi ile ile nilifuta ubao wangu. Nilianza kusahihisha kwa herufi ndogo, pembeni. Mwenye bucha akaja, akasimama nyuma yangu, akasema, "Kubwa kama zile za Jumamosi." Nikaandika kubwa. Nilipomaliza nikadhani nimemaliza.

"Kwa fundi umekwenda?" akaniuliza.

"Ami, nimeandika hapa, mji mzima utasoma."

"Ubao ni wa mji. Yeye ana nyumba, na nyumba ina mlango."

Nikasema nitakwenda Jumapili. Sikwenda. Jumapili ya pili niliona haya zaidi kuliko ya kwanza, kisha nikahamishwa, kisha nikawa mtu wa magazeti, mwenye shughuli nyingi za kuwasahihisha wengine. Kila nilipopita Tabora nilipitia bucha, na kila mara, kabla hajaniuliza habari za nyumbani, aliniuliza kama nimekwenda. Mara ya mwisho ilikuwa kwa simu, sauti yake imekwisha kuwa nyembamba. Aliniambia fundi anaishi Kwihara, nje kidogo ya Tabora, analima karanga, macho yamepungua nguvu lakini masikio ni mazima. Nilijibu kwamba nitakwenda, na nadhani yeye hakuamini, na alikuwa na haki ya kutoamini.

Kusahihisha kazi ni jambo moja na kumwomba radhi mtu uliyemwumiza ni jambo lingine, na la kwanza halilipi la pili. Somo hilo nililikwepa tangu ujana wangu, na aliyekuwa akinikumbusha sasa amezikwa. Naandika haya Ijumaa, na tiketi ya treni ya kesho iko mfukoni. Nitafika Kwihara, nitabisha hodi, nitalitamka mbele yake lile neno nililomwandikia ubaoni, na nitamwambia kuwa lilikuwa uongo. Akitaka kunifukuza, atakuwa na haki yake. Asipofungua, nitakaa pale kibarazani mpaka afungue.