Dawa ya Sukuma

Majuzi niliondoka asubuhi bila mpango, nikifuata barabara tu, hadi nikamwona mwanamke akiipiga sukuma wiki dawa kando ya mtaa wa Mukuru kwa Reuben. Harufu ile kali ilinirudisha utotoni, mtaani Shauri Moyo, kwenye alasiri ya sungura wangu Simba.

Simba alikuwa amekataa kula tangu jana yake, masikio yamelala. Mama alikuwa ameenda soko la Burma kununua matumbo. Nyuma ya nyumba, nilimsikia jirani yetu, Mama Akinyi, akimwambia mwenzake, "Sukuma yangu ilikuwa inakufa, lakini nimeipiga dawa. Itapona."

Itapona! Walipoondoka, nilichuma shambani kwake jani lililolowa dawa kuliko yote, nikampelekea Simba. Akalinusa.

"Nafula, wacha!" Mama Akinyi alikuwa amerudi. Alinipokonya jani. "Amekula?"

"Bado. Lakini ni mgonjwa, na wewe umesema ni dawa."

Alichuchumaa. "Mwanangu, hii ni ya kuua wadudu. Sukuma itapona, lakini huyu ingemmaliza."

Leo najua dawa nyingi ziko hivyo. Siku hiyo nililia kwa sauti, maana sikuelewa dawa inawezaje kuua. Alininawisha mikono kwa sabuni, akampangusa Simba pua.

Kuku wake akapita, Simba akajikunyata. "Na simba gani huyu anaogopa kuku?" Mama Akinyi akauliza.

Akambeba hadi jikoni kwake, mbali na shamba, akamlaza kwenye katoni kando ya jiko. "Atakaa kwangu mpaka apone."

Simba akachezesha pua katika joto lile geni, kisha, polepole, akaanza kutafuna nyasi kavu zilizotandikwa humo.