Matendegu ya Baba

Juzi mwanangu, hapa Isevya, aliunganisha mashine yake kuukuu ya kuchongea vyuma na kompyuta. Alipobonyeza kitufe, meza ya mashine ikasogea bila kuguswa. Harufu ya mafuta ya moto ikanirudisha uani kwetu Lusu, enzi za vijiji vya ujamaa.

Baba alikuwa fundi wa kukereza matendegu, ile miguu ya vitanda. Mkono wake wa kulia ulipopooza, watu wakaacha kumletea kazi. Basi akakata bati kwa umbo la tendegu, akalifunga kwenye mashine yake iliyozungusha mti wa kukerezwa, kisha akaunga patasi na chuma kilichotambaa ukingoni mwa bati.

"Bati litaiongoza patasi," alimwambia mama. "Limeshika umbo lote kichwani."

Mimi nikaamini bati lina kichwa. Nikaliinamia, nikalinong'oneza, "Shikamoo."

Mchana ule mama alizungusha gurudumu, mkanda ukalia, vumbi tamu la mninga likatujaa puani. Baba alisukuma patasi kwa mkono wa kushoto tu. Ikapanda, ikashuka, ikafuata kila kifundo. Mwishowe akasimamisha tendegu jipya kando ya lingine alilolikereza kabla hajaugua.

Mama akayapapasa yote mawili. "Baba Kabula, la leo ni lipi?"

"Sema wewe."

"Silijui!" Akapiga vigelegele hadi majirani wakaja mbio.

Baba akaliinua tendegu juu ya kichwa chake.

"Leteni mbao," akawaambia. "Fundi yupo."